Pigo la Pili

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na watu wa safu ile ya vibanda walimwita Mama Cheche. Kazi alifundishwa na mumewe. Mume alipofariki, ndugu walidhani atauza mashine na kutafuta kazi ya kike, kama walivyosema wenyewe. Yeye alivaa ovaroli ya marehemu, akakunja mikono iliyomzidi, akaendelea na geti lililokuwa limeachwa nusu. Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Mikono yake ilijaa makovu madogo ya kuungua, na ulimi wake haukuwa na breki. Mteja akilalamika kwamba dirisha la nondo ni ghali, alimjibu, "Basi funga nyumba kwa kamba," kisha akashusha miwani na kuendelea na kazi.

Jirani yake wa kushoto alikuwa fundi makochi, mwanamume mwembamba mwenye maneno ya haraka haraka, jina lake la mjini Sponji. Alikuwa rafiki wa marehemu tangu ujana; siku ya mazishi ndiye aliyeshuka kaburini kupokea mwili. Kwa hiyo waliitana shemeji, wakanywa chai ya saa nne pamoja, wakataniana bila kuchoka. "Shemeji," Sponji alikuwa akimwambia, "mimi natengeneza vitu vya kukaribisha wageni, wewe unatengeneza vya kuwafukuza. Tungeungana tungetajirika."

Vibanda vyenyewe vilikuwa vya mbao na mabati, vimebanana bega kwa bega. Mwanzo kabisa alikuwa muuza rangi, akifuatiwa na fundi makabati, halafu Sponji, halafu Mama Cheche, na mwisho ndugu wawili mafundi baiskeli. Baada ya baiskeli kulikuwa na ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta huo kliniki ya mama na mtoto. Kila siku ya kazi akina mama walijipanga pale kwenye mabenchi, wamepakata watoto, wakisubiri mizani na sindano.

Moto ulianza kwa muuza rangi, Jumanne, saa saba mchana. Mama Cheche alikuwa ameinamia fremu ya dirisha alipohisi joto mahali pasipostahili kuwa na joto, kwenye kisogo. Akavua miwani. Moshi mweusi, mzito kama lami, ulikuwa unapanda kutoka mwanzo wa safu, na upepo ulikuwa unauleta moja kwa moja upande wake.

Watu walishaanza kupiga kelele. Mtu alikuwa na simu sikioni akiwaambia wenzake kwamba gari la zimamoto liko njiani. "Njia ipi?" akauliza mwingine, na hakuna aliyejibu. Kibanda cha fundi makabati kilikuwa kimejaa maranda na vumbi la mbao. Kilishika ghafla, chote kwa pamoja, kama mtu aliyevuta pumzi.

Mama Cheche akatazama kinachofuata. Mlango wa Sponji ulikuwa na kufuli; mwenyewe alikuwa amekwenda kununua vitambaa. Ndani, yeye alijua bila kuchungulia, marobota ya sponji yalifika darini na madebe ya gundi yalipangwa chini ya meza. Na baada ya hapo ni kwake, penye mitungi mitatu ya gesi.

"Toeni mitungi!" akawapigia kelele mafundi baiskeli. "Ibingirisheni mpaka ng'ambo ya barabara!" Kwa mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo akasema, "Kimbia kliniki, waambie watoke wote, sasa hivi!"

Mitungi miwili ilitoka. Wa tatu ulikuwa umefungwa mnyororo kwenye nguzo, na kufuli lake lilikuwa limeganda kwa kutu. Ndugu wale walivuta mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Haukusogea. Upande wa kliniki, akina mama walikuwa wanatoka, lakini geti lilikuwa moja na jembamba, na kila mmoja alikuwa amebeba mtoto.

Hapo ndipo alipochukua nyundo kubwa. Kufuli la Sponji lilihitaji mapigo matatu. Akaingia, akaanza kurusha marobota nje, na watu wakayadaka na kuyaburuta mpaka mtaroni. Gundi ikatoka. Kochi moja la mteja likatoka, likakanyagwa, likachanika. Lakini kibanda chenyewe bado kilikuwa mbao kavu iliyoegemea moto upande mmoja na chake upande mwingine. Akachukua bomba la chuma, akalichomeka chini ya nguzo ya pembeni, akasukuma kwa uzito wake wote. Ukuta wa mbele ukaanguka. Cherehani ya Sponji ilibaki ndani, na paa likaikalia.

Alikuwa kwenye nguzo ya nyuma Sponji alipofika. Mafurushi ya vitambaa yalimdondoka mikononi.

"Shemeji! Unafanya nini? Unavunja duka langu?"

"Moto, Sponji! Toka hapo!"

"Moto haujafika! Nani kakwambia uvunje?"

Hakungoja jibu. Aliokota ubao wa mkono wa kochi, akauzungusha. Ulimpata Mama Cheche begani, karibu na sikio, na dunia yake ikalia kengele. Akamwona anauinua tena. Mama Cheche akapiga kwa bomba, akalenga mkono, na ubao ukaanguka.

Sponji alijikunja. Moshi ulikuwa umemwingia, alikuwa anakohoa, na mkono wake wa kulia, ule ambao haukupigwa, ulikuwa kwenye nguzo. Kichwa alikuwa amekiinamisha.

Mama Cheche akapiga tena. Bomba lilitua juu ya vidole vile.

Fundi baiskeli mkubwa akatokea katikati ya moshi, akamshika Sponji kiunoni na kumtoa. Nguzo ikang'oka. Watu wakafunga kamba, wakaburuta mabati na mbao, na dakika chache baadaye mahali palipokuwa na duka la makochi pakawa na ardhi tupu, pana kama barabara. Moto ulifika ukingoni mwa pengo lile, ukayumba, ukakosa cha kula. Kisha upepo ukageuka. Zimamoto walipofika walimwagia maji majivu.

Watu walimpigia Mama Cheche makofi. Sponji alikuwa ameketi kando ya barabara, mkono umefungwa kwa shati lake mwenyewe, akitazama marobota yake kwenye matope ya mtaro. Hakulia wala hakutukana, na kimya chake kilimwogofya Mama Cheche kuliko moto.

Miezi minne baadaye wito wa mahakama uliletwa kazini. Aliusoma mara mbili, akaupeleka kwa binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, kwa sababu kwenye familia ile binti ndiye aliyekuwa na subira ya kusoma karatasi. Binti akampeleka kwa wakili, mwanamke kijana mwenye ofisi ndogo juu ya duka la viatu, ambaye feni yake ilikuwa inapeperusha mafaili.

"Watanifunga?" ndilo swali la kwanza la Mama Cheche.

"Hapana, mama. Hii si jinai, ni kesi ya madai. Polisi hawamo. Huyu bwana anasema ulimdhuru kwa makusudi, mali yake na mwili wake, na anataka umlipe fidia."

"Sikukusudia kumdhuru. Namjua huyu kabla wewe hujazaliwa."

Wakili akaweka kalamu chini. "Ulipochukua nyundo, ulikusudia kuvunja mlango?"

"Mlango nilikusudia, ndiyo."

"Basi hayo ndiyo makusudi yenyewe. Sheria haikuulizi kama una roho mbaya. Inakuuliza kama ulijua unachokifanya. Wewe ulijua. Tukibishana hapo tutapoteza muda. Tunakubali ulivunja, tunakubali ulimpiga, halafu tunasema: alikuwa na sababu ambayo sheria inaitambua."

Akamweleza polepole, akigonga meza kwa kidole. Kuvunja duka kulikuwa na utetezi wa dharura. Lakini kuna dharura ya mtu mmoja na dharura ya watu wengi. Ukivunja cha jirani kuokoa chako peke yako, sheria itasema hukukosea kuvunja, ila ulichovunja ukilipe. Ukivunja kuokoa umma, hulipi. Kumpiga aliyekuja na ubao ni kujihami, mradi umetumia nguvu inayolingana na hatari, na hatari yenyewe iwe bado ipo.

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Mbili."

"Vidole viwili vilivunjika kwa pigo la ngapi?"

Feni ilizunguka. "La pili."

"Ubao ulikuwa wapi wakati huo?"

"Chini."

Wakili akachukua tena kalamu. "Mkono wake ulikuwa kwenye nguzo. Alikuwa aking'ang'ania nguzo, siyo? Anakuzuia usiing'oe?"

Mama Cheche alisugua kovu moja mkononi.

"Kwa sababu kama alikuwa ameing'ang'ania," wakili akaendelea, "na moto unakuja, na wewe unajaribu kumbandua, hilo nalo naweza kulitetea. Kama alikuwa amejiegemeza tu, mama, mtu anayekohoa, hana kitu mkononi... hapo sina cha kusema."

Walishuka ngazi. Barabarani binti ndiye aliyeanza. "Mama, kulikuwa na moshi. Hata wewe huwezi kuwa na uhakika. Aling'ang'ania. Ni neno moja tu."

"Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na wewe."

"Na ukishindwa? Utauza mashine ya baba?"

Hilo lilimchoma. Wiki zilizofuata alichomelea vibaya. Mara mbili alilazimika kukata kiungo na kukirudia. Sponji alikuwa amepata kona ya kufanyia kazi mtaa wa nyuma, na asubuhi walipokutana njiani kila mmoja aligeuzia uso upande wake. Mama Cheche alianza kupita njia ndefu. Alijiambia ni kwa sababu ile fupi ina madimbwi.

Siku ya kusikilizwa, chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, na benchi lilikuwa na msumari uliochomoza ambao alitamani kuugonga. Hakimu alikuwa mwanamke mtu mzima aliyeandika kila kitu kwa mkono. Wakili wa Sponji, mzee mwenye sauti laini, alianza na jina.

"Wanakuitaje pale kazini?"

"Mama Cheche."

"Cheche. Na moto ulianzia wapi?"

"Kwa muuza rangi, vibanda vitatu kutoka kwangu. Cheche zangu hazina nauli ya kufika huko."

Watu wakacheka. Hakimu akatazama juu, wakanyamaza.

"Wakati unavunja," yule mzee akasema, "moto ulikuwa umegusa duka la mdai?"

"Bado."

"Na baadaye upepo uligeuka?"

"Uligeuka."

"Kwa hiyo usingelivunja, pengine lingekuwa limesimama mpaka leo."

"Pengine."

Hapo hakimu akaingilia kati. "Saa ile unachukua nyundo, upepo ulikuwa unavuma kuelekea wapi?"

"Kwangu, mheshimiwa. Na kliniki."

"Kulikuwa na dalili yoyote kwamba utageuka?"

"Mimi sikuiona. Ningeiona ningekaa nikanywa chai."

Hakimu akaandika. Mzee akasubiri kalamu itulie. "Mitungi ya gesi ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Badala ya kuondoa hatari yako mwenyewe, ukavunja duka la mwenzako."

"Miwili tuliiondoa. Wa tatu kufuli liliganda." Akaongeza, "Kufuli lile lilihitaji mafuta tangu zamani. Niliahirisha."

Wakili wake akafumba macho kidogo.

"Niambie, mama," mzee akasema, na sauti yake ikazidi kulainika. "Ulipouona moto, kitu cha kwanza ulichokifikiria ni nini?"

Binti alikuwa benchi la pili, mikono imeshikana. Mama Cheche aliliona jibu zuri, limekaa tayari mdomoni.

"Mashine yangu," akasema.

Mnong'ono ukapita chumbani.

"Cha pili?"

"Mtungi uliobaki."

"Na wale akina mama na watoto wao?"

"Wa tatu."

"Wa tatu," mzee akarudia, akimtazama hakimu.

"Ndiyo, wa tatu. Lakini yote matatu yalipita kichwani kabla sijafika kwenye nyundo. Kama ilikuwa mashine tu, ningeweza kuiburuta, ina magurudumu. Mtungi ungelipuka ungeondoka na ukuta wa kliniki, na geti lilikuwa bado limejaa watu."

Mzee akafungua ukurasa mwingine, naye Mama Cheche akajua ni ukurasa gani, kwa sababu bega lake lilianza kuuma mahali pale pale ulipotua ubao.

"Pigo la kwanza, ubao ukaanguka. Pigo la pili. Mkono wa mdai ulikuwa kwenye nguzo?"

"Ndiyo."

"Ukifanya nini?"

Alimtazama Sponji kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa ameketi na mkono wa kulia juu ya goti, vidole viwili vimenyooka wakati vingine vimekunjika. Hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama sakafu, kichwa kimeinama.

"Alikuwa amejiegemeza," akasema Mama Cheche. "Alikuwa anakohoa."

"Hakuwa anakuzuia?"

"Alikuwa amesimama nilipotaka kupita. Ningeweza kumvuta. Fundi baiskeli alikuwa nyuma yangu, angemvuta yeye, na ndivyo alivyofanya baadaye. Nilipiga kwa hasira. Sina neno lingine."

Wakili wake hakuuliza swali la nyongeza.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tano. Hakimu alisoma bila haraka, na Mama Cheche, aliyekuja akiwa amejiandaa kusikia mashine inauzwa, alilazimika kuegemea mbele ili asipoteze neno. Kuhusu duka, hakimu alisema mtu hahukumiwi kwa upepo uliovuma baada ya tendo lake; anapimwa kwa kile ambacho mtu mwenye akili timamu angekiona akiwa amesimama pale. Moto ulikuwa mkubwa, msaada haukuwa umefika, na waliokuwa hatarini walikuwa watu wengi wasio na uhusiano wowote na mdaiwa. Kwamba mali yake nayo iliokoka hakukuiondoa dharura ya umma. Kwamba alijifikiria kwanza kulikuwa kwa kibinadamu, na mahakama ilimshukuru kwa kulisema. Kuhusu kufuli lenye kutu, ulikuwa uzembe wa kulaumiwa, lakini hakuwa ameuleta moto. Dai la duka likatupwa.

Sponji alishusha mabega.

Pigo la kwanza lilikuwa la kujihami. La pili halikuwa. Ulinzi, hakimu alisoma, unaisha pale hatari inapoisha, na ubao ulipoanguka hatari iliyotoka kwa mdai iliisha. Moto haukumpa mdaiwa ruhusa ya kumwadhibu mtu. Atalipa gharama za hospitali na kipato cha muda wote ambao mdai hakuweza kushona, kwa mafungu, na mashine isiguswe.

Koridoni, wakili wake akamwambia, "Ungesema lile neno, pengine usingelipa chochote."

"Najua, mwanangu."

Sponji alikuwa dirishani, akihangaika kufunga bahasha kwa mkono wa kushoto. Mama Cheche alimwendea akiwa hajui atasema nini. Binti akabaki nyuma.

"Duka langu limekwenda bure," Sponji akasema kabla hajafikiwa. "Kwa sheria kabisa."

"Nimesikia."

"Duka naelewa. Mwezi wa kwanza sikuelewa, sasa naelewa. Hata ubao, mimi ndiye niliyeanza, hilo silikatai." Akageuka. "Lakini lile la pili, nimekaa nalo miezi yote hii. Nilikuwa sikuoni hata wewe. Nilikuwa natafuta hewa. Kwa nini?"

"Ulikuwa umenipotezea muda ambao sikuwa nao," Mama Cheche akasema. "Na niliogopa mpaka nikakosa akili. Nilitaka mtu alipie uoga wangu, na wewe ndiye uliyekuwa karibu."

"Ungeniambia hospitalini."

"Nilikuja mpaka mlangoni. Nikarudi."

Sponji hakusema amesamehe, wala Mama Cheche hakuomba jibu. Yeye alichukua bahasha mkononi mwa Sponji, akaikunja mdomo, akaibandika vizuri, akamrudishia. Sponji akaiweka mfukoni, akashuka ngazi.

Mwenye kiwanja alijenga upya kwa matofali, safari hii akaacha nafasi kati ya fremu za maduka, na Sponji akachukua ya mwisho, karibu na kliniki. Vidole vile viwili havikukunjika tena. Alijifunza kuvuta uzi kwa kidole gumba na kile kidogo, na makochi yake yakawa na mshono wa upande mmoja uliolala kushoto kidogo, ambao wateja walidhani ni mtindo. Mama Cheche alilipa mafungu yake kila mwezi kupitia mahakamani, akalipaka mafuta kila kufuli alilokuwa nalo, na akaacha kupita ile njia ndefu.

Salamu zilirudi kwanza, fupi, za kupita. Chai haikurudi mpaka mwaka uliofuata, asubuhi moja ya mvua, Sponji alipokuja na mchoro wa kitanda cha kukunja, miguu ya chuma. Alisema anataka kazi nzuri na hataki kupunguziwa. Mama Cheche akautazama mchoro, akasema vipimo vyake vimekosewa, akavuta stuli mbili.